Mdomo Usio na Nambari ya Kiwandani

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, ila jina hilo limo kwenye Orodha ya Sauti Zilizofungwa, na mimi sina kibali cha kulitamka wala kuliandika. Basi nitaiita nchi. Mkidhani ni ya kwenu, hayo ni yenu. Ya kwetu ina Wizara ya Kufuli, na sijasikia kama na kwenu ipo.

Wizara ya Kufuli ilianza kwa nia njema, kama zinavyoanza wizara zote. Mheshimiwa Waziri aligundua kwamba watu wanasikiliza nyimbo. Si kusikiliza tu. Wakishasikiliza wanaondoka nazo vichwani, wanafika nazo nyumbani, wanawaimbia watoto ambao hawalipi kodi. Hasara yake kwa taifa haikuwahi kupimwa, na hasara ambayo haijapimwa, wataalamu walitueleza, ndiyo kubwa kuliko zote.

Siku ya kuzindua Sheria ya Hifadhi ya Sauti, Waziri alipanda jukwaani, akaweka mkono kifuani, akatuuliza: "Ndugu wananchi, wimbo ni kama kisima. Kila mmoja akija na ndoo yake, akachota anavyotaka, mwishowe kutabaki nini?"

Mzee mmoja aliyesimama nyuma akajibu kwamba kutabaki kisima. Walimtoa nje kwa heshima, wawili wamemshika mikono.

Tangu hapo nyimbo zote zikakusanywa, zikatiwa kwenye visanduku vya bati vya rangi ya kijani, zikafungwa. Anayetaka kusikiliza anakodi kisanduku. Kisanduku kina jicho dogo, na jicho likiona kwamba ni yeye peke yake chumbani, wimbo unaimba. Mgeni akipiga hodi, kisanduku kinanyamaza mpaka mgeni aage. Jirani yetu mmoja alishikwa na mafua; kisanduku kikamsikia anavuta kamasi, kikadhani ananakili, kikajifunga mpaka leo. Mwingine alinyoa ndevu, kikamkana mbele ya mkewe, na mkewe naye akaanza kumtilia shaka. Wimbo wa taifa ulifungwa wa kwanza kwa kuwa ndio wenye thamani zaidi, na shule zisizoweza kukodi kisanduku ziliruhusiwa kusimama kimya kwa muda ule ule ambao wimbo ungechukua. Watoto wa siku hizi wanaujua wimbo wa taifa kwa miguu.

*

Lakini kufuli haliaminiwi kwa kutazamwa. Lazima lithibitishwe. Wizara ikamleta Profesa Zegeli, aliyesomea kufuli katika nchi ya baridi, aje athibitishe kwamba mfumo wetu hauibiki. Profesa alisema hawezi kuujaribu kwa wezi wa kweli, maana wezi wa kweli hawana nidhamu, hawaji kwa wakati na hawajazi fomu. Angetengeneza mfano: chumba kimoja cha vioo kuwa nchi, kisanduku kimoja kuwa hazina, na mtu mmoja kuwa mwizi. Mfano ukishinda, nchi imeshinda.

Tangazo likabandikwa langoni mwa Wizara. Anatakiwa Adui wa Mfano. Awe na elimu isiyozidi ya msingi, asiwe na ufundi wowote, asiwe na rafiki fundi redio. Mimi nilikuwa nakaanga vitumbua hapo hapo nje ya lango, na sifa zote nilikuwa nazo.

Kwenye usaili waliniuliza nikikuta mlango umefungwa nafanyaje. Nikasema napiga hodi. Wakatazamana kwa furaha kama watu walioonyeshwa kiwanja cha bei nafuu. Profesa akawaeleza wenzake kwamba mfumo ukimshinda adui wa darasa la saba, basi kwa hesabu ya kulinganisha umewashinda na waliosoma zaidi, kwa sababu waliosoma zaidi wana shughuli nyingi. Nikapewa kitambulisho kilichoandikwa ADUI, na siku ya pili askari wa lango akanipigia saluti.

Tatizo la kwanza lilitokea ubaoni. Profesa alichora watu watatu: Mtumaji, ambaye ni Wizara, Mpokeaji, ambaye ni mwananchi aliyelipa, na Mwizi. Kisha akaanza kuandika anwani zao, akasimama, akafuta, akaandika tena. Kila alivyohesabu, Mpokeaji na Mwizi walikuwa wanaishi nyumba moja, wanalala kitanda kimoja, na wana kitambulisho kimoja. Wimbo lazima umfikie huyu na usimfikie yule, na wote wawili wana sikio lile lile. Alikaa chini akaomba chai.

Baada ya chai akapata ufumbuzi. Nilipewa kofia mbili. Nikivaa nyeupe mimi ni Mpokeaji, nikivaa nyeusi mimi ni Mwizi. Wakanifungulia kisanduku nikiwa na nyeupe, nikasikiliza wimbo wote, ulikuwa mzuri. Wakanivalisha nyeusi, wakaniuliza kama wimbo ninao. Nikauimba.

Profesa akavua miwani. "Ulipousikia ulikuwa nani?"

"Mpokeaji."

"Na sasa hivi?"

"Mwizi."

"Sasa umeupata wapi?"

Nikamwambia nimeupata kwa yule wa kofia nyeupe. Akafikiri sana, akaandika kwenye karatasi yake: Dhana ya Kwanza, Mpokeaji na Mwizi hawasalimiani.

Ikawa ndio utaratibu. Mfumo ukishindwa, mfumo hauguswi, anaguswa mwizi. Mama anayefagia korido alisikika akiuimba wimbo chini kwa chini, ikaandikwa kwamba katika nchi yetu hakuna wanaofagia. Nilipigapiga mdundo kwa vidole mezani bila kujijua, mwizi akaondolewa vidole. Baadaye akaondolewa kumbukumbu, kisha majirani, kisha mdomo, na mwisho, baada ya kikao kirefu, masikio. Hati ya uthibitisho ilipopigwa muhuri, Adui wa Mfano alikuwa amebakiwa na magoti. Kulikuwa na hoja ya kuyaondoa na hayo, lakini Profesa alikataa. Alisema sayansi lazima imwachie adui nafasi.

Waziri alitangaza redioni kwamba mfumo wetu hauwezi kuibiwa na adui yeyote. Watu wakauliza visanduku vyao vimenyamaza kwa nini. Wakaambiwa ndiyo dalili ya usalama.

*

Sasa nije kwa Bi Mwanakheri, ambaye ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na aliyenisuka nywele tangu sijaanza shule.

Kwetu bibi harusi haondoki nyumbani kwa miguu yake tu. Anasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, na mama yake anamwimbia wimbo wa kumwachia. Kila mama ana wake, anautunga tangu mtoto ananyonya, anauongeza ubeti kila mtoto anapokua. Katika kila ubeti mama anataja anachomwachia, na wanawake wa mtaa wanamwitikia: "Vuka, mwana, vuka, ulichopewa ni chako." Mstari wa mwisho haujulikani na mtu, hata mama mwenyewe. Unamjia pale pale, akimtazama mtoto. Ukishaitikiwa, bibi harusi anavuka. Asiyevushwa huitwa aliyetoroka hata kama ameolewa kwa ngoma na sherehe, na watoto wake huitwa watoto wa dirishani, na jina hilo halifutiki kwa maji wala kwa ukoo.

Bi Mwanakheri ana mtoto mmoja tu, Mwatumu. Wimbo wake mtaa mzima tunaujua, maana ameuimba akifua, akitwanga, akigombana na mbuzi wa watu. Wizara ilipopita na kipaza sauti ikisema nyimbo za akina mama zipelekwe zikahifadhiwe zisipotee, alifurahi kuliko wote. Alivaa kanga mpya, akawakusanya waitikiaji wake, wakaenda. Langoni askari akakuta kibali ni cha sauti moja. Wenzake wakabaki nje wakila miwa, yeye akaingia peke yake, akaimba mbele ya mashine, na kila baada ya ubeti alinyamaza akingoja. Fundi akamuuliza mbona anakatakata. Akasema anawasubiri wenzake. Fundi akaandika kwamba mwimbaji ana matatizo ya pumzi. Mstari wa mwisho hakuutoa, akawaambia haujazaliwa.

Wimbo ukafungwa. Beti zote za mama zikawa mali ya Wizara. Kiitikio, kwa kuwa kilibaki langoni kikila miwa, hakikuandikwa popote.

Mwatumu alipochumbiwa na siku ya harusi ikapangwa, akaja Bwana Sengondo. Huyu ni Mkaguzi wa Sauti wa eneo letu, mtu mpole, mwenye sikio la bati analolivaa begani kwa mkanda. Sikio hilo likisikia wimbo uliofungwa linapiga king'ora. Alikaribishwa uji, akanywa, akashukuru, kisha akamweleza Bi Mwanakheri kwamba wimbo wake sasa uko mikono salama, na kwa hiyo yeye hatakiwi kuwa nao.

Bi Mwanakheri alidhani ni utani. Alipoona si utani alikwenda Wizarani kuomba kibali cha mdomo wake. Mimi nilikuwa zamu, nimevaa kofia nyeupe, nikayasikia yote.

Karani alimuuliza kifaa anachotaka kukisajili kiko wapi.

"Hiki hapa," akasema, akaonyesha mdomo.

"Nambari yake ya kiwandani?"

"Mama yangu ameshafariki, mwanangu. Ningekuulizia."

"Kina skrubu?"

"Kina meno."

Karani alimweleza kwa upole kwamba kifaa chochote cha kutolea sauti lazima kiweze kufuta kilichomo mara tu kinapoamriwa. Akamuuliza kama anaweza kuufuta wimbo akiamriwa, kisha auimbe tena siku ya harusi tu. Bi Mwanakheri akamwambia katika maisha yake amejaribu kufuta mambo mengi kichwani, ikiwemo sura ya baba yake Mwatumu, na hakuna hata moja lililotoka. Karani akaandika: kifaa kina hitilafu.

Habari zikamfikia Profesa Zegeli, akashuka ngazi mbili mbili. Alimzunguka Bi Mwanakheri kama mtu anayetazama gari linalouzwa. Alisema katika mfano wake wote hakuwahi kumfikiria mtu wa aina hii, mtu mwenye wimbo mzima ndani yake, wazi, bila kufuli hata moja. Kufuli zote za nchi zilikuwa zimefungwa kwenye mlango wa mbele, na huyu mama alikuwa ni nyumba isiyo na ukuta wa nyuma.

"Wewe, mama," alisema, "ndiye tishio kubwa kuliko yote kwa wimbo huu."

"Mimi ndiye niliyeutunga."

"Ndiyo ninavyosema."

Njia zilikuwa mbili: kuutoa wimbo ndani ya mama, au kumfunga mama. Ya kwanza ilihitaji chombo ambacho Wizara ilikuwa bado haijakiagiza. Basi siku ya harusi Bi Mwanakheri angebandikwa mdomoni lakiri ya Wizara, karatasi nyekundu yenye nembo na gundi, itakayobanduliwa na Mkaguzi wakati wa kula. Waziri mwenyewe alitia saini, akasema anaonyesha huruma, maana mahari ameshasikia imetolewa.

Jioni hiyo Mwatumu alimwambia mama yake kwamba harusi iahirishwe mpaka sheria ibadilike. Mama yake alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Ukiahirisha harusi kwa ajili ya Wizara, utaahirisha na kuzaa, na kuzeeka. Wao hawaahirishi kitu."

"Sasa nitavukaje, mama? Mimi sitaki kuitwa aliyetoroka. Sitaki wanangu waitwe wa dirishani."

Bi Mwanakheri aliendelea kuchambua. Nilimwona akitoa punje moja ya mchele mzima, akaitupa pamoja na mawe.

*

Harusi ilikuwa asubuhi, jua bado halijawa kali. Bwana Sengondo alifika mapema na sikio lake, akasalimia wazee, akaomba radhi, akambandika Bi Mwanakheri lakiri huku akitazama pembeni. Ilimkaa vibaya kidogo, nembo ya taifa ikawa kichwa chini. Wakwe walikuwa barabarani ndani ya gari lenye maua, wametoa shingo madirishani. Walikuwa wamesikia maneno, na mama mkwe alishaanza kumwambia dada yake jambo sikioni.

Mwatumu akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani.

Bi Mwanakheri akamkabili. Akamtazama mwanawe, kifua kikapanda kama mtu anayeanza kuimba, kikashuka. Kimya. Kimya hicho kilikuwa na urefu wa ubeti wa kwanza kamili, ule wa maziwa ya usiku, na kila mwanamke pale alikuwa anaujua. Kilipofika mwisho, wanawake wakaitikia: "Vuka, mwana, vuka, ulichopewa ni chako."

Sikio la Bwana Sengondo halikulia. Alilitikisa, akalipuliza, halikulia.

Kifua cha mama kikapanda tena. Huo ulikuwa ubeti wa surua. Wanawake waliokuwepo mwaka ule wakaanza kulia kabla haujaisha, wakaitikia huku wanalia. Ubeti wa shule. Ubeti wa nyumba ilipoezuliwa na upepo wakalala chini ya meza. Hakuna aliyesikia neno na hakuna aliyekosa neno. Mama mkwe alishuka garini, akaja akasimama na wengine, akaitikia naye, ingawa wimbo hakuwahi kuusikia. Mguu wa Mwatumu haukuondoka kizingitini.

Ndipo ikafika mstari wa mwisho, na hapo pakakwama. Mstari huo haukuwa kichwani mwa mtu. Kimya kikaja, na safari hii kilikuwa kimya kweli, hakina kitu ndani.

Bwana Sengondo, maskini, aliona jambo. Akaipigia Wizara simu akauliza: mstari ambao haumo kwenye kisanduku umekatazwa? Simu ikapelekwa kwa huyu na yule. Jibu likaja kwamba mstari usiosajiliwa haujakatazwa, ila usiimbwe mpaka usajiliwe kwanza, ili Wizara ijue kinachokatazwa ni kipi. Kwa hiyo mama auandike.

Bi Mwanakheri alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamshuka muda wote, yakipita juu ya lakiri. Na gundi ya lakiri, ambayo ilinunuliwa kwa zabuni kutoka kwa shemeji wa Mheshimiwa Waziri, ilikuwa ni unga wa muhogo na maji. Upande mmoja ukabanduka. Kisha wa pili. Nembo ya taifa ikateleza kidevuni, ikadondoka miguuni pake, na yeye hakuinua hata mkono.

Akauimba mstari.

Tukamwitikia kwa sauti ambayo nadhani ilifika mtaa wa tatu, na Mwatumu akavuka. Hakugeuka nyuma, maana hairuhusiwi, lakini alitembea kama mtu aliyebeba kitu kizito kwa raha. Muda si muda likaja gari la Wizara kumchukua Bi Mwanakheri. Magari mawili yakaondoka mtaani kwetu asubuhi ile, la maua likaelekea juu na la Wizara likaelekea chini, na sisi tulibaki katikati hatujui tupungie lipi.

*

Kesi ikaja na mashaka yake. Kosa la kubandua lakiri liliondolewa haraka, kwa sababu kulithibitisha kungehitaji kujadili gundi. Likabaki moja: kutoa hadharani mstari usiosajiliwa kwa kutumia kifaa kisichoidhinishwa. Lakini mstari wenyewe ulikuwa upi? Sikio la bati lilitengenezwa lisisikie kitu ambacho Wizara haina. Bwana Sengondo akaulizwa yeye alisikia nini, akasema masikio yake binafsi hayana idhini ya kusikiliza akiwa kazini.

Wizara ikatuita wanawake, mmoja mmoja, kila mtu auseme mstari aliousikia ili usajiliwe na kufungwa. Hatukukaa kikao, wala hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Wa kwanza aliingia, akasema mstari. Wa pili akaingia, akasema mwingine kabisa. Wa tatu hali kadhalika, kwa uso mkavu, na wa nne akaomba kuuimba ili ueleweke. Hata mama mkwe alikuja na gari lake akatoa wake. Mimi nilikwenda na kofia zote mbili. Karani akasema nichague moja, nikavaa nyeupe nikasema wangu, wakanishukuru.

Profesa Zegeli hakuona tatizo. Aliisajili mistari yote, akaifunga yote kwa kufuli la daraja la juu, akaandika ripoti kwamba huu sasa ndio mstari salama kuliko mistari yote nchini, maana hata Wizara haijui ni upi.

Siku ya hukumu mahakama ilijaa. Bi Mwanakheri alisimama kizimbani na kanga ile ile ya harusi, amekonda kidogo. Hakimu, mtu mzima mwenye usingizi, alimtaka mwendesha mashtaka ausome mstari unaolalamikiwa.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana nadhifu, ndiyo kesi yake ya kwanza kubwa. Akasema, mheshimiwa, iko mingi. Hakimu akasema asome yote, mshtakiwa ana haki ya kujua kosa lake.

Akasafisha koo. "Nakuachia ufagio, mwanangu, ukifagia ufagie na maneno."

Kwetu wito hauachwi bila kuitikiwa. Ni kama mtu kupiga chafya. Wanawake wakasema, kwa sauti ya chini kwanza: "Vuka, mwana, vuka, ulichopewa ni chako."

Hakimu akagonga meza. Mwendesha mashtaka akasoma wa pili, na wa pili ukaitikiwa. Wa tatu, askari wa mlangoni, ambaye mama yake ni wa mtaa wa jirani, aliitikia naye, akajishika mdomo. Ilipofika katikati kijana alikuwa ameshashika mapigo. Alisoma, akanyamaza, akangoja, tukampa, akasoma. Jasho linamtoka. Alisoma wa mlango, wa kisu butu, wa mbuzi asiye na mwenyewe. "Nakuachia sufuria yangu iliyoungua chini, atakayekula bila kuuliza, huyo ndiye mume." Hapo hakimu mwenyewe aliangalia dirishani kwa muda. Wa mwisho ulipoitikiwa, mtu akapiga kigelegele, na kijana, Mungu amsamehe, aliinama kama aliyetunzwa.

Hakimu akauliza: katika hiyo yote, ni upi mshtakiwa aliuimba? Mwendesha mashtaka akasema serikali haiwezi kuutaja kwa sababu za kiusalama. Hakimu akasema basi mahakama haina wimbo, na pasipo wimbo hakuna mwimbaji. Bi Mwanakheri aende nyumbani.

Kabla hatujainuka, king'ora kililia. Lilikuwa sikio la Bwana Sengondo, lililokuwa limekaa begani pake tangu asubuhi likijikusanyia. Mistari yote ile ilikuwa imeshafungwa, na mtu mmoja alikuwa ameitoa hadharani, mmoja baada ya mwingine, kwa mdomo usio na nambari ya kiwandani. Bwana Sengondo alimwendea mwendesha mashtaka, akaomba radhi kama kawaida yake, akatoa lakiri mfukoni. Walikuwa wamebadilisha gundi. Nasikia kijana bado anaizoea, na mashauri ya serikali siku hizi anayaendesha kwa kuandika ubaoni.

Sisi tulimchukua Bi Mwanakheri tukarudi naye kwa miguu. Mwatumu alitukuta njiani na mumewe, akamshika mama yake mkono. Tulitembea hivyo mpaka karibu na machinjioni, ndipo jirani mmoja akashindwa kuvumilia, akamuuliza kama katika ile mistari yote yule kijana aliugusa ule wenyewe.

Bi Mwanakheri alisema hapana, hakuna aliyeukaribia.

Akatembea hatua kadhaa, kisha akasimama.

"Ila ule wa sufuria," akasema, "ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nani aliutoa?"

Wanawake wakatazamana. Mimi nilikuwa nafunga vizuri kamba ya kiatu.